Wanawake Waliochora Hadithi za Picha

Somo la Sanaa na Historia kwa wanafunzi wote, na kwa wazazi watakaopenda kulisoma

Muhula uliopita, tulipofungua sanduku la gazeti letu la shule, tulikuta humo hadithi ya picha yenye kurasa nne. Ilikuwa imechorwa kwa penseli, kisha ikapitiwa kwa wino. Ilieleza habari za kijana aliyepoteza nauli yake stendi ya basi, akaona haya kumwambia mtu. Sote katika kamati tuliipenda. Lakini chini yake palikuwa na herufi mbili tu, bila jina.

Tulipotangaza kwamba tunamtafuta mwenyewe, alikuja ofisini baada ya masomo msichana wa Kidato cha Pili. Aliniamkia, kisha akasema, "Mwalimu, naomba jina langu lisitiwe. Wakijua ni mimi watasema nimechorewa na kaka yangu."

Sikumjibu vema siku ile. Nilimwambia tu, "Haya, mwanangu, nitalifikiri neno lako." Nimelifikiri, nikaona kwamba jambo lake si geni. Wapo wanawake waliokuwa mbele yake katika kazi hiyo hiyo, wakafikwa na shaka hiyo hiyo, na habari zao zastahili kusomwa darasani. Basi makala haya ndiyo jibu langu kwake, na ni somo kwetu sote. Habari nitakazoeleza ni za Marekani, kwa kuwa ndiko vitabu vya hadithi za picha vilikoenea sana katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

1. Hadithi ya picha hutengenezwaje?

Kwanza yafaa tujue kazi yenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 magazeti ya Marekani yalianza kuchapa hadithi fupi za picha, nyingi za kuchekesha. Picha zilipangwa kwa safu, kila picha ndani ya mistari yake minne, na maneno ya wahusika yakiandikwa karibu na vinywa vyao. Katika miaka ya 1930 hadithi hizo zilianza kukusanywa na kuuzwa kama vitabu vyembamba vya rangi. Kitabu kimoja kiliuzwa senti 10 za Kimarekani, bei ambayo hata mtoto aliweza kuilipa. Mwaka 1938 alitokea Superman, na tangu hapo vitabu hivyo viliuzwa kwa wingi ajabu.

Kwa kuwa vilitakiwa vingi na upesi, kazi iligawanywa kama katika karakana. Mmoja alitunga hadithi, wa pili akachora kwa penseli, wa tatu akapitisha wino juu ya penseli, wa nne akaandika maneno, na wa tano akachagua rangi. Mara nyingi kitabu kilitoka bila kutaja majina yao. Mchoraji alilipwa kwa kila ukurasa, na baada ya kulipwa kazi ikawa mali ya kampuni. Tukumbuke jambo hili, maana ndilo lililofanya majina mengi yapotee, ya wanaume na ya wanawake pia. Lakini kwa wanawake palikuwa na sababu nyingine zaidi, kama tutakavyoona.

2. Waliotangulia

Wa kwanza kumtaja ni Bibi Rose O'Neill, aliyezaliwa mwaka 1874 katika jimbo la Pennsylvania na kukulia Nebraska. Alikuwa bado msichana mdogo aliposhinda mashindano ya kuchora yaliyotangazwa na gazeti moja la mji wa Omaha. Waamuzi walipoiona picha yake hawakusadiki kwamba ni kazi ya mtoto. Wakamwita achore tena mbele ya macho yao. Alichora, nao wakanyamaza. Angalieni jinsi shaka ile ilivyo ya zamani: kazi ikiwa nzuri, na aliyeifanya ni msichana, watu hutafuta nani aliyemsaidia.

Mwaka 1896 jarida liitwalo Truth lilichapa hadithi yake ya picha, nayo huhesabiwa kuwa ya kwanza kuchapishwa nchini Marekani kwa mkono wa mwanamke. Baadaye aliajiriwa na Puck, jarida mashuhuri la vichekesho, ambako alikuwa mwanamke peke yake miongoni mwa wachoraji. Mwaka 1909 alianza kuchora vitoto vinene vyenye mabawa madogo, alivyoviita Kewpies. Vilipendwa mno hata vikatengenezwa kuwa wanasesere na kuuzwa nchi nyingi, naye akapata mali nyingi. Alitumia kalamu yake pia kudai kwamba wanawake wapewe haki ya kupiga kura, haki ambayo iliwekwa katika katiba ya Marekani mwaka 1920.

Wa pili ni Bibi Edwina Dumm wa Ohio. Mwaka 1915 aliajiriwa na gazeti la Columbus Monitor kuchora katuni za siasa, akawa mwanamke wa kwanza nchini mwake kuifanya kazi hiyo kwa ajira kamili. Basi alikuwa akichora wagombea wa kura huku yeye mwenyewe haruhusiwi kupiga kura ya kumchagua rais. Baadaye alianzisha hadithi ya mvulana na mbwa wake, akaendelea nayo hadi mwaka 1966.

Kwa hiyo mtu asiseme kwamba wanawake waliingia juzi katika kazi hii. Walikuwamo tangu mwanzo.

3. Majina yaliyobadilishwa

Kulikuwa na msichana wa Indiana aliyezaliwa mwaka 1906, jina lake Dalia Messick. Alitunga hadithi kadhaa za picha akazipeleka kwa wahariri, zikakataliwa. Alipoona hivyo alibadili jina, akajiita Dale, jina ambalo laweza kuwa la mwanamume au la mwanamke. Hatimaye kazi yake ilifika kwa kampuni iliyogawa katuni kwa magazeti mengi kutoka Chicago na New York. Mkuu wa kampuni hakuitaka. Bahati njema, mwanamke aliyekuwa msaidizi katika ofisi ile, Bibi Mollie Slott, aliziona picha zile, akazitetea.

Hadithi hiyo ilianza kuchapwa tarehe 30 Juni 1940. Ilimhusu Brenda Starr, mwandishi wa habari asiyeogopa kwenda popote kutafuta habari. Dale Messick aliichora mpaka mwaka 1980, yaani miaka 40. Alipostaafu, wanawake wengine waliishika kalamu yake, na hadithi haikukoma hadi Januari 2011.

Mwingine ni June Tarpé Mills wa New York. Yeye aliacha kutumia jina June, akatia sahihi Tarpé Mills tu, ili msomaji asijue kama ni bwana au bibi. Tarehe 6 Aprili 1941 alianza hadithi ya Miss Fury, mwanamke tajiri avaaye ngozi ya chui mweusi na kupigana na wahalifu. Hiyo ilikuwa miezi kadhaa kabla ya kutokea Wonder Woman, ambaye wengi humjua na ambaye alitungwa na mwanamume. Magazeti yalipofichua kwamba Tarpé Mills ni mwanamke, wasomaji hawakumkimbia. Hadithi yake iliendelea kuchapwa kwa takriban miaka kumi.

Hapa pana jambo la kulitafakari. Walioogopa jina la mwanamke walikuwa hasa wahariri, kwa kudhani kwamba wasomaji hawatalipenda. Wasomaji wenyewe walipoulizwa kwa senti zao, walinunua hadithi iliyowafurahisha.

4. Bibi Jackie Ormes na magazeti ya Wamarekani Weusi

Zelda Mavin Jackson alizaliwa Pittsburgh mwaka 1911. Kutokana na jina Jackson alijiita Jackie, na alipoolewa akawa Jackie Ormes. Siku zile magazeti makubwa ya Wazungu hayakuwa na nafasi kwa mchoraji mwanamke Mweusi. Lakini Wamarekani Weusi walikuwa na magazeti yao wenyewe, yaliyosomwa katika miji mingi, na mojawapo lilikuwa Pittsburgh Courier. Humo alianza kama mwandishi na msahihishaji wa maandishi.

Tangu Mei 1937 hadi Aprili 1938 gazeti hilo lilichapa hadithi yake ya Torchy Brown, msichana wa shamba huko Mississippi anayesafiri kwenda Harlem, New York, kutafuta maisha ya uimbaji na uchezaji. Maelfu ya watu Weusi walikuwa wakifanya safari hiyo hiyo kutoka kusini kwenda kaskazini, wakikimbia umaskini na ubaguzi. Katika picha moja Torchy yuko stesheni, mbele ya kibao kinachowatenga abiria Weusi na Wazungu. Yeye ajifanya hajui kusoma, akaenda asikotakiwa. Msomaji alicheka, na katika kucheka kwake akaiona sheria ile jinsi ilivyokuwa ya kipumbavu.

Kutoka mwaka 1945 hadi 1956 alichora Patty-Jo 'n' Ginger, katuni ya picha moja kila wiki. Ginger ni dada mkubwa aliyevaa vizuri, asiyesema neno. Patty-Jo ni mtoto mdogo, naye ndiye msemaji, tena husema yale ambayo wakubwa waliogopa kuyasema: habari za shule mbovu, nyumba mbovu na ubaguzi. Mwaka 1955, baada ya kijana wa miaka 14, Emmett Till, kuuawa kikatili huko Mississippi, Bibi Ormes aliligusa jambo hilo katika katuni yake kwa kinywa cha Patty-Jo. Kwa ajili ya maoni na urafiki wake, alichunguzwa na idara ya upelelezi ya serikali, lakini hakuacha kuchora.

Jambo jingine alilofanya lawahusu hasa wasichana. Wanasesere Weusi waliouzwa siku zile mara nyingi walifanywa kwa sura ya mzaha au ya mtumishi wa jikoni. Mwaka 1947 Bibi Ormes alishirikiana na kampuni moja kutengeneza mwanasesere wa Patty-Jo, mwenye sura nzuri na nguo nzuri, ili mtoto Mweusi ashike mkononi kitu kinachofanana naye, wala asikionee aibu.

Alifariki dunia mwaka 1985 huko Chicago. Mwaka 2018 jina lake liliingizwa katika orodha ya heshima ya wasanii wa hadithi za picha, iitwayo kwa jina la Will Eisner.

5. Vita vyafungua mlango

Desemba 1941 Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Pili. Vijana wengi wa kiume waliitwa jeshini, na miongoni mwao walikuwamo wachoraji. Wakati huo huo vitabu vya picha vilitakiwa kuliko zamani, hata na askari kambini. Wachapishaji hawakuwa na hila nyingine, waliwaita wanawake. Kampuni iliyoajiri wengi ilikuwa Fiction House ya New York. Humo walifanya kazi Fran Hopper, Ruth Atkinson, Marcia Snyder, Lily Renée na wengineo. Ruth Atkinson, alipokwenda kwa mchapishaji mwingine, alichora hadithi ya kwanza ya Patsy Walker mwaka 1944, na Millie the Model mwaka 1945. Hadithi za Millie zilichapwa hadi mwaka 1973.

Habari za Lily Renée zatosha kuwa kitabu. Alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1921, katika jamaa ya Kiyahudi yenye uwezo. Wanazi walipoitwaa Austria mwaka 1938, maisha ya Wayahudi yaliharibika. Mwaka 1939 Lily alipelekwa Uingereza pamoja na watoto wengine waliookolewa kwa treni na meli, akawaacha wazazi wake nyuma. Huko alifanya kazi za nyumbani na za kulea watoto. Baadaye alipata habari kwamba wazazi wake wamefika Marekani, naye akawafuata mwaka 1940. Walikuwa maskini sasa. Mama yake aliona tangazo gazetini la kutafuta wachoraji wa hadithi za picha, naye Lily akaenda na michoro yake.

Kazi aliyoanza nayo ilikuwa kufuta penseli katika kurasa za wengine na kuchora vitu vidogo vya nyuma ya picha. Haukupita muda mrefu akapewa hadithi zake mwenyewe. Iliyompa sifa ni Señorita Rio, mpelelezi mwanamke aliyepambana na Wanazi. Basi yule msichana aliyefukuzwa na Wanazi alipata kuwashinda katika karatasi. Alitia sahihi "L. Renée", na wasomaji waliompenda walimwandikia barua wakimwita "Bwana Renée".

6. Mlango wafungwa tena

Vita viliisha mwaka 1945. Wanaume walirudi, na wanawake wengi waliachishwa kazi au waliiacha, kama ilivyokuwa katika viwanda. Kisha mwaka 1954 wazee wa Baraza la Seneti walifanya uchunguzi, kwa hofu kwamba vitabu hivi vinawaharibu watoto. Wachapishaji, ili wasitungiwe sheria, walijiwekea kanuni kali wenyewe. Kampuni nyingi zilifunga, wachoraji wengi wakakosa kazi, na waliobaki kidogo wakazidi kupungua.

Wawili walidumu. Bibi Ramona Fradon, aliyezaliwa mwaka 1926, alianza kuchora hadithi za Aquaman mwaka 1951, akazichora kwa miaka mingi. Na mwaka 1980 ndiye aliyempokea Dale Messick kazi ya Brenda Starr. Aliendelea kuchora hadi Januari 2024, akafariki mwezi uliofuata, mwenye umri wa miaka 97. Bibi Marie Severin alianza mwaka 1949 kwa kutia rangi. Baadaye aliifanya karibu kila kazi niliyoitaja katika sehemu ya kwanza, isipokuwa tu kwamba sifa yake kubwa ilikuwa katika kuchora na kutia rangi. Alifariki mwaka 2018.

Wako pia waliogombania mlango wenyewe. Chama cha wachora katuni cha Marekani kilianzishwa mwaka 1946, nacho kilikuwa cha wanaume tu. Mwaka 1949 Bibi Hilda Terry, aliyechora hadithi ya msichana aitwaye Teena, alikiandikia barua. Hakutukana wala hakulia. Alisema kwamba chama ama kibadili jina kijiite cha wanaume, ama kiwapokee wanawake. Wanachama walibishana sana, lakini mwaka 1950 alipokewa, na wengine wakafuata.

7. Tumejuaje habari hizi?

Wengi wa mabibi hawa walisahauliwa kwa miaka mingi. Aliyewatafuta zaidi kuliko wengine ni Bibi Trina Robbins, naye pia mchoraji. Mwaka 1970 yeye na wenzake walitoa kitabu cha kwanza cha hadithi za picha kilichotengenezwa na wanawake watupu. Baada ya hapo alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta magazeti ya zamani, kulinganisha sahihi na kuwahoji wazee waliokuwa bado hai. Alimpata Lily Renée akiwa mzee mjini New York, akaandika kitabu cha maisha yake mwaka 2011. Lily Renée alifariki mwaka 2022, akiwa amepita miaka 100. Trina Robbins alifariki Aprili 2024.

Fikirini taabu ya kazi ile: kukaa na kitabu cha zamani mkononi, na kutazama alama ndogo pembeni mwa picha ili kujua ni nani aliyeichora. Palipokuwa na jina, historia iliandikwa. Palipokuwa hapana kitu, mara nyingi mtu amepotea kabisa, ijapokuwa kazi yake ipo.

8. Mafunzo

Wavulana, nanyi nawasihi. Ikiwa kazi ya mwenzenu ni nzuri, msiulize ni nani aliyemfanyia. Waamuzi wa Omaha waliuliza, wakajiaibisha.

Wazazi wetu, mtoto akiketi na penseli jioni msiseme mara moja kwamba anacheza. Hakika masomo yake mengine yasiachwe. Lakini karatasi na wino si gharama kubwa, na watu walioeleza habari zao hapa walilisha jamaa zao kwa vitu hivyo.

Na wewe mwanangu wa Kidato cha Pili, sitakulazimisha. Dale Messick na Tarpé Mills walibadili majina yao kwa kuwa walitaka kazi ionekane kwanza, wala siwalaumu. Lakini wao walikuwa wakiogopa wahariri, na mhariri wa gazeti hili amekwisha kuipenda kazi yako. Anayesema umechorewa na kaka yako, mlete ofisini, nasi tutaweka karatasi mbele yako kama walivyofanya Omaha.

Hadithi yako iko mezani pangu, tayari kwa gazeti la muhula ujao. Mahali pa jina nimepaacha wazi. Njoo ulijaze kabla ya shule kufungwa.

Maswali

1. Taja kazi tano zilizogawanywa katika kutengeneza kitabu cha hadithi za picha. Mgawanyo huo ulifanyaje majina ya wachoraji yapotee?
2. Kwa nini Dalia Messick alijiita Dale? Je, wewe ungefanya vivyo hivyo? Toa sababu zako.
3. Eleza jinsi Jackie Ormes alivyotumia kicheko kuonyesha ubaya wa ubaguzi.
4. Vita Kuu ya Pili vilifungua mlango gani kwa wanawake wachoraji, na ni mambo gani mawili yaliyoufunga tena?
5. Barua ya Hilda Terry ilikuwa na hoja moja tu. Ieleze kwa maneno yako mwenyewe, kisha useme kwa nini ilikuwa vigumu kuijibu.
6. Kazi ya mkono: Chora hadithi ya picha sita juu ya jambo lililotokea shuleni au nyumbani kwenu. Anza kwa penseli, kisha pitisha wino. Ukimaliza, andika jina lako lote chini yake.